Wiki nne za binti, daftari la mama

Barua pepe iliingia saa nne usiku, mwezi Machi, mama akipepeta mchele wa biashara ya kesho. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya mazingira katika chuo kikuu mjini Morogoro, alikuwa nyumbani Tanga kwa likizo fupi. Aliisoma mara mbili kabla ya kumwita.

"Mama, nimepata."

"Umepata nini, mwanangu?"

"Ile kozi ya Ujerumani. Wiki nne, Julai mpaka Agosti."

Mama aliweka ungo chini. Hakuuliza Ujerumani ni mbali kiasi gani. Aliuliza swali ambalo mzazi yeyote mwenye mtoto mgonjwa angeanza nalo.

"Na mdogo wako?"

Mdogo huyo ana miaka 13 na anaishi na selimundu. Tangu akiwa na miaka sita, dada yake ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki, akihesabu vidonge vyake, akimkumbusha kunywa maji na kumkanda miguu usiku maumivu yanapoanza. Hata baada ya kwenda chuo, alipiga simu kila jioni kuuliza kama dawa imenywewa. Baba ni dereva wa lori, na mara nyingi yuko njiani kati ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Mama anauza chakula Ngamiani, anaamka saa kumi alfajiri na kulala akiwa hoi.

Kwa hiyo, usiku ule furaha na hofu viliingia nyumbani pamoja.

"Akionja Ulaya hatarudi"

Kozi yenyewe ilihusu nishati jadidifu na utunzaji wa taka mijini. Waandaaji walilipa ada, malazi na chakula. Tiketi ya ndege, viza, bima na matumizi madogo ni juu ya mwanafunzi. Hivyo ndivyo zilivyo nafasi nyingi za aina hii: zinaitwa ufadhili, lakini zinaacha pengo ambalo familia ndiyo huliziba.

Baba alipigiwa simu akiwa Segera. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, nakupongeza. Lakini hapana."

Ndivyo anavyomwita binti yake tangu utotoni, mama. Sababu zake zilikuwa tatu. Fedha hakuna. Wiki nne ni chache mno kumfundisha mtu chochote. Na ya tatu aliisema taratibu, kama anayeona aibu kuisema: "Watoto wa watu wakionja Ulaya hawarudi."

Binti hakubishana. Alimwomba baba akirudi wazungumze uso kwa uso.

Siku tatu baadaye walikaa barazani. Binti alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi: jina la chuo kinachoandaa, tarehe ya kuanza na kumaliza, mahali watakapolala, namba ya simu ya mratibu. Alikuwa pia na barua kutoka chuo chake cha Morogoro inayoeleza kwamba anatakiwa kurudi darasani baada ya likizo ili amalize shahada.

"Baba, swali lako ndilo swali la ubalozi," alimwambia. "Nao wanataka kujua kama nitarudi. Nikishindwa kukujibu wewe, hata wao sitawajibu."

Baba alicheka bila kutaka. Na kwa kweli binti alisema sawa. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, Ujerumani ikiwemo, inaruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na mwombaji lazima aonyeshe ana kitu kinachomrudisha nyumbani. Kwa mwanafunzi, kitu hicho ni masomo ambayo hajamaliza na familia inayomtambua. Barua ya chuo, vyeti na taarifa ya benki ya mzazi hufanya kazi hiyo. Mzazi anayekubali kutoa taarifa yake ya benki, hata kama salio si la kujivunia, anamsaidia mtoto kuliko anayeificha kwa aibu.

Baba aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya pili alileta shilingi 500,000 alizokuwa ameweka kwa ajili ya matairi ya pikipiki yake na madeni madogo madogo. Aliziweka mezani, akatoka kwenda msikitini.

Daftari

Hesabu ilifanyika Jumapili. Tiketi ya kupitia Addis Ababa, shilingi milioni 2.7. Pasipoti, 150,000. Ada ya viza ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, sawa na takriban 270,000 kwa siku ile. Bima ya safari, 130,000. Nauli za kwenda Dar es Salaam na matumizi madogo, 350,000. Jumla milioni 3.6.

Mama alikuwa na milioni 1.2 za mabati. Nyumba yao inavuja upande wa jikoni, na kila masika masufuria hupangwa sakafuni kukinga maji. Alizitoa zile fedha. Akakopa milioni moja kwenye kikoba chake. Pamoja na za baba, zikabaki pungufu laki tisa.

Hapo ndipo baba mdogo alipotokea na habari njema. Alikuwa amempata "wakala" mtandaoni, anayeweza kuhakikisha viza na kupunguza bei ya tiketi. Alishamtumia shilingi 200,000 za kufungua faili. Binti alipoiona namba aliyotumiwa, moyo ulimshuka. Ilikuwa namba ya simu ya mtu binafsi. Barua pepe ya huyo wakala haikuwa ya chuo wala ya kampuni yoyote. Na alikuwa ameahidi kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukiahidi, maana viza hutolewa na ubalozi peke yake. Walipompigia kesho yake, simu haikupatikana. Baba mdogo hakupata tena fedha zake, na kwa wiki nzima hakukanyaga nyumbani kwa kaka yake kwa aibu.

Mama alimfuata mwenyewe. "Shemeji, ulitaka kusaidia. Njoo ule," alimwambia. Hakuna aliyelizungumza tena.

Jioni ile mama alifungua kabati akatoa daftari la kurasa nyingi lenye jalada lililochakaa. Ndani yake kulikuwa na miaka minane ya michango yake. Harusi ya mtoto wa jirani, 30,000. Sendofu ya binti wa shoga yake, 50,000. Msiba, 10,000. Arobaini ya mtoto, khanga doti moja. Aliandika kila kitu, si kwa kudai, bali kwa kuwa kila mama wa mtaani anajua kutoa ni mzunguko.

Asubuhi alianza kutembea nyumba kwa nyumba. Hakwenda na daftari mkononi. Alikwenda na barua ya mwaliko na maneno machache.

Wengine walifurahi. Wengine walishangaa kuombwa mchango wa masomo, kitu ambacho hakina ukumbi, muziki wala sare ya vitenge. Shoga yake mmoja alimuuliza waziwazi, "Wiki nne tu? Mtu anajifunza nini kwa wiki nne?"

"Harusi yenu ilikuwa usiku mmoja," mama alimjibu, "na nilichanga."

Wote wawili walicheka mpaka machozi. Shoga alitoa 50,000.

Kwa wiki tano zilipatikana shilingi 940,000. Ndogo kuliko zote ilikuwa 2,000 kutoka kwa mzee anayekunywa chai ya mkopo kibandani kwa mama. Hiyo ndiyo mama anayoitaja kwanza kila anaposimulia.

Nani atamkumbusha maji?

Fedha zilipopatikana, lilibaki lile swali la usiku wa kwanza. Wazazi wengi hudhani kikwazo cha binti kusoma nje ni tiketi. Mara nyingi kikwazo ni kazi anazozifanya nyumbani bila mtu kuzihesabu. Zikikosa mtu wa kuzibeba, binti hubaki, au huondoka na moyo ukabaki.

Binti aliandika karatasi moja na kuibandika nyuma ya mlango wa chumba cha mdogo wake. Maelezo yake yalitoka kwa daktari wa kliniki, yeye aliyaandika kwa lugha ya nyumbani. Maji siku nzima, hata kama hasikii kiu. Dawa ya kila siku baada ya chakula cha usiku. Asioge maji baridi asubuhi. Kisha, kwa kalamu nyekundu: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kupauka ghafla au mkono na mguu kulegea, nendeni hospitali saa hiyohiyo. Msisubiri asubuhi.

Alimfundisha baba kutumia kipimajoto. Baba, mwenye mikono iliyozoea usukani wa lori, alikishika kama yai. Aliomba kwa mwajiri wake apewe safari za karibu kwa mwezi mmoja, na akapewa, kwa malipo pungufu. Hilo nalo lilikuwa mchango, ingawa halikuandikwa daftarini.

Naye binti alijiandaa kiafya. Alitafuta kadi yake ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua kwa maisha yote. Ujerumani hawakuidai, lakini msafiri anaweza kuulizwa njiani au wakati wa kurudi, kutegemea amepitia nchi gani. Alikata bima inayolipa matibabu ya angalau euro 30,000, kwani bila hiyo viza ya Schengen haitolewi. Daktari alimpa neno moja ambalo wasafiri wengi hawaambiwi: akipata homa akiwa kule, aseme mapema kwamba ametoka nchi yenye malaria. Vimelea vinaweza kuingia mwilini kabla ya safari na homa ikaja baadaye, na daktari wa Ulaya ambaye haoni malaria kila siku anaweza kuifikiria mwisho.

Siku moja kabla ya kuondoka, mdogo wake alimuuliza, "Dada, si unakwenda kusoma kutunza mazingira? Na ndege haichafui hewa?"

"Inachafua," alimjibu. "Ndiyo maana sitakwenda kutembea. Nikirudi mikono mitupu, utakuwa na haki ya kunicheka."

Magharibi saa tatu usiku

Kozi ilifanyika Freiburg, mji wa kusini-magharibi mwa Ujerumani unaojulikana kwa umeme wa jua. Walipelekwa Vauban, mtaa uliojengwa palipokuwa kambi ya jeshi la Ufaransa, ambapo wakazi wengi hutumia tramu na baiskeli, na wenye magari huyaegesha kwenye majengo maalumu pembezoni. Aliona nyumba zinazozalisha umeme mwingi kuliko zinaotumia. Aliona watoto wakirudisha chupa tupu za plastiki dukani na kulipwa senti 25 kwa kila moja, maana fedha hiyo hutozwa mnunuzi tangu mwanzo na hurudi kwake chupa ikirudi. Aliandika pembeni mwa daftari lake: hapa chupa haitupwi kwa sababu ina bei.

Saa za kule ziko nyuma ya Tanga kwa saa moja tu, lakini jua ndilo lililomshangaza. Magharibi iliingia saa tatu na dakika ishirini usiku. Alimtumia mama picha ya dirisha lenye mwanga, akaandika, "Huku ndiyo kwanza nasubiri adhana ya simu." Mama aliwaonyesha wateja kibandani siku nzima.

Wiki ya pili walitembelea shamba lenye mtambo wa bayogesi, mmoja kati ya mitambo zaidi ya 9,000 iliyoko Ujerumani. Mwenyeji alieleza jinsi samadi na mahindi yanavyoozeshwa kwenye matangi yasiyoingiza hewa mpaka yatoe gesi ya kuendesha jenereta. Alipouliza kama kuna mwenye swali, binti wa Tanga alinyoosha mkono. Hakuwa na swali. Alieleza kwamba kwao, Hale, wilayani Korogwe, uliwahi kujengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa taka za mkonge, kwa kuwa singa ni sehemu ndogo tu ya jani na mengine yote hutupwa. Akaongeza kwamba mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida na kuipanda karibu na Pangani mwaka 1893.

Darasa zima lilimgeukia. Mwalimu alimwomba arudie, safari hii akiwa mbele. Tangu siku ile hakukaa tena kiti cha nyuma.

Usiku ambao mama alinyamaza

Usiku wa Jumanne, wiki ya tatu, mdogo alianza kulalamika miguu. Saa saba alikuwa analia. Baba alipima joto: 38.6. Mama alitaka kusubiri kupambazuke, kama walivyowahi kufanya zamani. Baba alimulika ile karatasi mlangoni kwa tochi ya simu, akasoma mstari mwekundu kwa sauti. Walimbeba mpaka bajaji ya jirani, na kabla ya saa nane walikuwa Hospitali ya Bombo. Alilazwa, akawekewa dripu, dawa za maumivu na za maambukizi.

Mama aliamua binti asiambiwe. Kwa siku mbili alituma ujumbe wa kawaida: wote wazima, tunakuombea. Alidhani anamlinda.

Binti aligundua kwa jambo dogo. Kila jioni mdogo wake humtumia ujumbe wa sauti wa sekunde chache, "Dada, nimekunywa maji." Siku ya kwanza haukuja. Siku ya pili haukuja. Usiku huo alimpigia baba, si mama.

"Baba, niambie ukweli. Yuko wapi?"

Baba hakujua kudanganya. Binti alilia ukumbini mbele ya wenzake wa nchi nyingine, kisha akampigia mama. Alisema anabadilisha tiketi, anarudi. Mama alimwambia mtoto ameshaanza kula uji. Binti alisema hamwamini tena.

Maneno hayo yalimuuma mama kuliko madeni yote ya kikoba. Alitoka nje ya wodi, akakaa kwenye benchi muda mrefu. Aliporudi alifanya jambo ambalo halikumjia rahisi. Alipiga simu ya picha, akaigeuzia kitandani binti aone mwenyewe dripu, kadi ya joto na mdogo wake akijaribu kutabasamu. Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu. Kuanzia leo kila asubuhi na jioni nitakwambia yote, mabaya na mazuri. Wewe nisaidie kwa kumaliza."

Mdogo aliichukua simu. "Dada, usirudi. Baba anajua kipimajoto sasa."

Hakurudi. Mama naye alitimiza. Ujumbe ulikwenda mara mbili kila siku: joto kiasi gani, amekula nini, daktari amesema nini. Siku ya sita aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Mtoto aliye mbali akifichwa habari, hukaa na hofu ya mambo yote asiyoyajua. Akiambiwa, hukaa na hofu moja yenye jina, na hiyo anaweza kuibeba akaingia nayo darasani.

Alichorudi nacho

Alishuka Dar es Salaam katikati ya Agosti, begi likiwa na uzito uleule. Hakuleta viatu wala manukato. Alimletea mdogo wake chupa ya maji yenye mistari ya vipimo, ajue amekunywa kiasi gani ifikapo adhuhuri. Baba alikuja kumpokea Ubungo na lori. Alimtazama kwanza bila kusema kitu, kama anayehakikisha ni yeye. Kisha akasema, "Umerudi, mama."

"Shikamoo baba. Nilikwambia."

Hajabadilisha dunia. Kibandani kwa mama sasa kuna ndoo mbili: ya maganda na mabaki ya chakula, inayochukuliwa na mfugaji wa mbuzi jirani, na ya chupa za plastiki, zinazouzwa kwa kilo. Fedha ya chupa ni ndogo, haifiki hata ya mkaa, lakini mtaro wa mbele ya kibanda hauzibi tena mvua inaponyesha. Utafiti wake wa mwaka wa mwisho atauandika juu ya taka za mkonge, na msimamizi wake amekubali. Paa la jikoni bado linavuja, na kikoba bado kinadai miezi minne.

Kwa mzazi mwenye mtoto chuoni, njia ya kuanzia si ya mbali. Nafasi nyingi, zikiwemo za mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, hupitia makubaliano kati ya vyuo, hivyo mwanafunzi aanzie ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chake. Pasipoti itafutwe kabla nafasi haijapatikana, kwa sababu inahitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, na hivyo huchukua muda. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Na kabla ya kuhesabu fedha, ihesabiwe kazi: mtoto huyu hapa nyumbani anafanya nini, na ni nani ataifanya akiondoka?

Ijumaa moja mwishoni mwa Agosti, mama alifungua tena daftari. Aligeuza ukurasa mpya, akaandika majina ya wote waliochanga, mmoja mmoja, na kiasi mbele ya kila jina. Wa kwanza alikuwa mzee wa chai, 2,000.

Binti alimuuliza anaandika ya nini, na wale watu walishasema hawadai.

"Najua hawadai," mama alisema, bila kuinua kichwa. "Lakini nao wana watoto."